Pareto: Ua la uani linalotoka kwenye mbegu ndogo

Mbeya/Iringa. Mwezi Julai katika vijiji vya Umalila, nje kidogo ya Jiji la Mbeya, asubuhi huanza na ukungu. Watoto huenda shule wamejikunyata, viganja vimeingizwa ndani ya mikono ya sweta, na kina mama husubiri umande ukauke ndipo waingie shambani na vikapu vyao. Ukungu ukipanda, kile ulichokuwa umekifunika huonekana chote kwa pamoja. Nyuma ya nyumba, kando ya choo, pembezoni mwa viazi, hadi kwenye miteremko ambayo hata mbuzi angeifikiria mara mbili, kumetanda maua meupe yenye kitovu cha njano.

Mgeni hudhani ni urembo. Wapo wanaosimamisha gari wakapiga picha, wakachuma shada la kupeleka nyumbani. Mwenye shamba huwaangalia tu, huenda akacheka, maana ua hilo analolihesabu kwa kilo ndilo litakalonunua madaftari ya Januari.

Ua hilo ni pareto. Kwa wapenda bustani, ni deizi halisi, ndugu wa mbali wa alizeti, wa saladi ya mezani na hata wa mashona nguo anayeng'ang'ania sketi za wanafunzi njiani. Ni mmea wa kudumu. Ukipandwa leo, shina hilohilo hukaa ardhini miaka mitatu hivi likitoa maua, hukatwa, huchipua na kutoa tena. Na kama deizi wote, kinachoitwa ua moja si ua moja. Kila jani jeupe la pembeni ni ua, na kile kitovu cha njano ni mkusanyiko wa maua madogo mengi, kila moja likiacha mbegu yake.

Hapo kwenye mbegu ndipo penye thamani. Sumu inayoua wadudu, ambayo wataalamu huiita pairethrini, haimo kwenye majani wala kwenye ile rangi nyeupe inayovutia wapiga picha. Sehemu yake kubwa, zaidi ya asilimia 90, imejificha kwenye vitunda vidogo vya mbegu vilivyopangana ndani ya kitovu. Kwa hiyo mama wa Umalila anapotazama shamba lake hatazami weupe. Anaangalia kitovu kimefunguka kiasi gani.

Barabara moja, homa mbili

Kuielewa pareto vizuri, msomaji inabidi apande basi Iringa asubuhi na kuelekea Mbeya. Ni safari ya zaidi ya kilomita 300, na mwili husoma ramani kabla ya macho.

Basi linauacha mji wa Iringa juu ya kilima chake, Ruaha Mdogo ikiwa chini bondeni, na baada ya kilomita 80 hivi linaingia Mafinga, wilayani Mufindi. Hapa baridi ni ya kweli. Misonobari ya Sao Hill imejipanga pande zote, malori ya mbao yanapishana, na salamu ya wenyeji ni "Kamwene", nawe unaitikia vivyo hivyo. Mafinga ndiko kilipo kiwanda kinachokamua maua ya pareto kuwa dawa. Gunia lililokaushwa uani kwa mtu huko milimani huishia hapa, maua yakasagwa na sumu ikatolewa kama mafuta mazito yanayosafirishwa nje ya nchi.

Kutoka hapo ni Nyororo, kisha Makambako, halafu barabara inaanza kushuka. Ukifika Igawa sweta limeshavuliwa. Chimala ni joto, mchele unauzwa kando ya barabara, na bonde la Usangu limelala tambarare upande wa kulia hadi jicho lichoke. Baada ya Igurusi gari linaanza kupanda tena, Inyala, Uyole, na abiria wanalivaa sweta upya kabla ya kuingia Mbeya mjini chini ya mlima Loleza.

Malaria nayo hufuata ramani hiyohiyo. Mikoa ya Iringa na Njombe imekuwa miongoni mwa ile yenye maambukizi madogo kabisa ya malaria nchini, na sababu kubwa ni baridi, maana kimelea hukua polepole mno ndani ya mbu kiasi kwamba mbu wengi hufa kabla hakijakomaa. Lakini teremka Usangu kwenye majaruba ya mpunga, au vuka milima ya Uporoto na kushuka hadi Kyela kando ya Ziwa Nyasa, na hali ni nyingine kabisa.

Ndiyo kusema, watu wanaolima ua la kuua mbu wanaishi mahali ambapo mbu wa malaria ni wachache. Hilo linaweza kusikika kama kichekesho, lakini lina hatari yake ambayo familia nyingi za juu huisahau. Mtoto aliyekulia Umalila au Mufindi hajawahi kuumwa malaria mara kwa mara, kwa hiyo mwili wake haujajijengea kinga ile ya kiasi ambayo mtoto wa bondeni huipata kwa shida. Akichukuliwa na wazazi kwenda kuvuna mpunga Usangu, akaumwa na mbu wiki ya kwanza, malaria inaweza kumwangusha vibaya na haraka. Na homa ikianza baada ya kurudi nyumbani, watu husema ni mafua ya baridi. Anayetoka bondeni na homa apelekwe kupima ndani ya saa 24, na mhudumu wa zahanati aambiwe wazi kuwa mtoto alikuwa Usangu au Kyela. Chandarua nacho kiwekwe kwenye mzigo pamoja na sufuria.

Lilivyofika hapa

Asili ya pareto si Afrika. Ilitoka milima ya pwani ya Dalmatia, katika Kroatia ya leo, ambako unga wa maua yake ulitumika kufukuza viroboto na kunguni karne ya 19. Wajapani waliipenda sana. Mfanyabiashara Ueyama Eiichiro ndiye aliyebuni fimbo ya kufukiza mbu iliyotokana na unga huo, na inasimuliwa kuwa mkewe, Yuki, ndiye aliyeshauri fimbo hiyo ikunjwe mviringo kama nyoka aliyejikunja ili iwake usiku mzima. Ile dawa ya mbu ya kuzungusha inayouzwa kila duka la mtaa ilianzia jikoni kwa familia hiyo.

Kenya iliipata pareto mwishoni mwa miaka ya 1920, na Tanganyika ikafuata katika miaka ya 1930, walowezi wakiilima kwenye nyanda za juu za Iringa na Mbeya na kule Kaskazini. Vita ya Pili ya Dunia ilipopamba moto, majeshi yaliitaka kwa wingi, kwa sababu askari walikuwa wakiangushwa na malaria na homa ya chawa. Baada ya uhuru ua likatoka mikononi mwa walowezi likaingia uani kwa wananchi. Miaka ya 1960 Tanzania ilizalisha maelfu ya tani kwa mwaka, ikiwa nyuma ya Kenya tu duniani.

Kisha likadorora. Wanasayansi wawili, Hermann Staudinger na Leopold Ruzicka, ambao baadaye kila mmoja alipata Tuzo ya Nobel ya kemia, walikuwa wamechapisha mwaka 1924 maelezo ya jinsi sumu ya ua hili ilivyoundwa. Wakishajua kilichomo, wengine wakaanza kukiiga. Mwaka 1973 watafiti wa Rothamsted, Uingereza, walitangaza pamethrini, sumu ya kiwandani inayofanana na ya pareto lakini isiyoharibiwa upesi na jua. Watoto wa ukoo huo wa kemikali ndio waliopakwa kwenye vyandarua tunavyogawiwa kliniki. Bei ya ua ikayumba, wakulima wakang'oa, wengine wakapanda viazi.

Leo Tasmania, kisiwa cha Australia, ndiyo inayoongoza kwa uzalishaji, na Tanzania inafuata. Huko mbegu humwagwa shambani kwa mashine na maua huvunwa kwa mashine mara moja kwa mwaka. Sisi, kwa sababu ya usiku wa baridi usiokwisha na majira yasiyopishana sana, maua huchanua miezi mingi mfululizo, hivyo huchumwa kwa vidole, raundi baada ya raundi.

Na mbu? Hao wamejifunza. Katika maeneo mengi ya Afrika mbu wamekuwa sugu kwa sumu za kiwandani za ukoo huo. Utafiti mkubwa uliofanyika Muleba, mkoani Kagera, na matokeo yake kuchapishwa mwaka 2018, ulionyesha kuwa vyandarua vilivyoongezewa kemikali inayovunja usugu huo viliwakinga watoto zaidi ya vile vya kawaida. Kemikali yenyewe, kwa kifupi PBO, ilibuniwa zamani ili kuipa nguvu pareto halisi.

Kitalu hakitaki haraka

Sasa turudi uani. Mbegu ya pareto ni nyembamba na nyepesi. Ukiipiga chafya imepotea. Wanaoanza hukosea kwa kuifukia kama mahindi, halafu hulaumu mbegu.

Kwanza, mbegu yenyewe. Pareto haijichavushi, ua la shina moja huhitaji chavua ya shina jingine. Maana yake, mbegu uliyokusanya shambani kwako ni mchanganyiko, na miche yake haitakuwa yote kama mama. Mmoja utazaa maua makubwa yenye sumu nzuri, mwingine utakuwa majani tu. Ndiyo maana ni vyema mbegu ya kuanzia itoke kwa wanaoichagua kitaalamu. Ofisa ugani wa kata anajua njia ya kwenda Bodi ya Pareto, kampuni inayonunua maua au watafiti wa TARI Uyole. Anayetaka kuhifadhi yake mwenyewe achague mashina machache yaliyo bora, ayaache maua yakauke hapo hapo hadi kitovu kiwe kahawia na kianze kupukutika, kisha aifunge mbegu kwenye kitambaa au karatasi mahali pakavu penye ubaridi. Isikae juu ya jiko. Na isikae miaka, maana hupoteza uhai mapema.

Tuta la kitalu liwe na upana wa mita moja, ili mkono ufike katikati bila mguu kukanyaga, na liinuliwe kidogo maji yasituame. Udongo upondwe hadi uwe laini kama unga wa dona, uchanganywe na samadi iliyooza kabisa. Mbegu huchanganywa na mchanga mkavu ili isidondoke yote sehemu moja, halafu humwagwa kwenye mifereji isiyo na kina, nusu sentimita hivi, na kufunikwa kwa udongo uliochekechwa, kiasi cha kuificha tu. Juu yake nyasi kavu. Maji yamwagwe kwa keni yenye matundu madogo, asubuhi na jioni, kwa upole, kwa sababu mmwagiko mmoja wa ndoo unaweza kuhamishia kitalu chote kwa jirani.

Baada ya wiki mbili hadi tatu huota. Hapo nyasi zinaondolewa na kuinuliwa juu ya vijiti kuwa kivuli, kisha kivuli nacho kinapunguzwa siku hadi siku. Miche michanga ina majani yaliyochanika kama ya karoti, ya kijani chenye kijivu, na hapo ndipo msiba wa vitalu vingi hutokea. Mtoto anatumwa kung'oa magugu, anarudi na furaha kuwa amesafisha tuta, na amesafisha kweli. Bibi mwenye busara humkalisha mjukuu kwanza, humwonyesha jani la pareto na jani la gugu, humwambia "hili usiguse, baba", na hukaa naye tuta la kwanza lote.

Miche hukaa kitaluni miezi mitatu hadi minne. Ni muda mrefu kwa aliyezoea mchicha. Anayetaka kuhamishia shambani mvua zikiwa zimekolea, Desemba au Januari, inabidi asie Septemba wakati bado ni kiangazi, na abebe maji. Maji hayo, tuseme ukweli, hubebwa kichwani na mama au binti.

Shambani, nafasi iliyozoeleka ni sentimita 60 kati ya mistari na 30 kati ya mche na mche, juu ya matuta. Shingo ya mche isizikwe. Pareto huvumilia ardhi ya kawaida na baridi kali, ila mizizi yake haivumilii kulowa. Mahali maji yanaposimama siku mbili, shina huoza. Miezi mitatu au minne baadaye maua ya kwanza hufunguka.

Msomaji wa Temeke au Tanga ambaye tayari ameshika simu kuagiza mbegu, angoje kwanza. Pareto haichanui bila usiku wa baridi. Wakulima wake wako juu, kuanzia mita 1,700 hivi kutoka usawa wa bahari na kuendelea. Pwani itaota, itakupa majani mazuri ya kijivu, na hapo itaishia. Mwenye bustani Mbeya, Mafinga, Makete au Lushoto ya juu, huyo ajaribu hata mistari mitatu.

Vidole vya nani, hela ya nani

Uchumaji ni kazi ya subira. Ua hushikwa kati ya kidole cha kati na cha shahada, hukatwa kwa dole gumba bila kikonyo, mikono yote miwili ikifanya kazi. Huchumwa wakati zaidi ya nusu ya vile vijiua vya kitovu vimefunguka. Likiwahi sumu bado haijajaa, likichelewa mbegu zinapukutika na sumu inakwenda nazo. Raundi hurudiwa kila baada ya wiki mbili au tatu. Maua yenye umande hayachumwi, maana huchemka kwenye kikapu na kuoza.

Kisha inakuja hesabu inayovunja moyo. Kilo nne hadi tano za maua mabichi hutoa kilo moja ya makavu. Kikapu kilichojaa kikarudi nyumbani kimebebwa kwa mbwembwe, baada ya siku chache ni rundo dogo linaloenea kwenye beseni. Na makavu yenyewe, sumu iliyomo ni kati ya asilimia moja na mbili tu. Nusu asilimia hapo ni pesa, kwa sababu maua hupimwa ubora kabla ya malipo.

Hapo ndipo kukausha kunapoamua mambo. Pareto ina mgogoro na jua. Inahitaji kukauka, lakini mwanga wa jua ndio unaovunja sumu yake. Anayeitandaza chini uwanjani mchana kutwa, kwa siku nyingi, anakausha na kupoteza kwa wakati mmoja, tena anaongeza mchanga na mavi ya kuku. Njia nzuri kwa asiye na kaushio ni chanja iliyoinuliwa, maua yametandazwa safu nyembamba, yanageuzwa mara kwa mara, yanaingizwa ndani jua likizama. Yamekauka ukisugua kitovu kikasagika kati ya vidole. Yakiwekwa gunia kabla ya hapo yatafanya ukungu, na gunia moja lenye ukungu huharibu mengine.

Mvua zikikaza, familia nyingi huingiza chanja jikoni, juu ya moto, au chumbani wanakolala watoto. Hapa ukurasa huu hauna budi kuwa mkali kidogo. Pareto ni salama zaidi kwa binadamu kuliko dawa nyingi za wadudu, hilo ni kweli, kwa kuwa mwili wetu huivunja haraka kabla haijafanya madhara inayofanya kwenye mishipa ya fahamu ya mdudu. Lakini vumbi la maua yake huwasha. Wapo wachumaji wanaopata vipele na ngozi kuchanika kwenye vidole, mikono na kope, na mwenye pumu anaweza kubanwa kifua akilala chumba kimoja na magunia. Mama anayechuma avae mikono mirefu, anawe kwa sabuni kabla ya kunyonyesha, na nguo za shambani zisilaliwe. Ngozi ikishaanza kukataa, kila msimu huwa mbaya zaidi, na inafaa kazi ya kuchuma apewe mwingine nyumbani.

Kuna na lile neno "asili", linalotumika siku hizi kuuza kila kitu. Kwa sababu pareto ni ua, wapo wanaoona haya hata kuiogopa. Wanaichemsha kumnywesha mtoto minyoo, wanampaka kichwani unga wake kwa ajili ya chawa. Kile kinachouzwa duka la dawa kimepimwa. Kile kilichotwangwa kwenye kinu hakijapimwa. Isinywewe, isipakwe mtoto. Unga kidogo kwenye viota vya kuku wanaosumbuliwa na utitiri, hapo bibi yuko sahihi. Mabaki yasimwagwe mtoni, kwa kuwa samaki hufa kwa kiasi kidogo sana cha sumu hii, na mizinga ya nyuki isiguswe nayo.

Kufukiza je? Maua makavu juu ya makaa hufukuza mbu, na ile dawa ya kuzungusha, ambayo nyingi siku hizi ina sumu za kiwandani, hufukuza pia. Ila moshi ni moshi. Utafiti mmoja uliochapishwa mwaka 2003 ulikadiria kuwa kuwasha duara moja hadi mwisho hutoa chembe laini za moshi sawa na za sigara 75 hadi 137. Ndani ya chumba kilichofungwa madirisha kwa sababu ya baridi ya Mufindi, mtoto anavuta hizo zote. Ifukizwe barazani watu wakipiga soga, na ndani kiwepo chandarua.

Lipo na jambo la hela, ambalo si la kitalu wala zahanati lakini liko katikati ya nyumba. Anayebeba maji ya kitalu, anayepalilia, anayechuma na kugeuza maua chanjani kwa kawaida ni mama na watoto. Kadi ya uanachama wa chama cha ushirika mara nyingi ina jina la baba. Malipo yanapotoka, aliyepata vipele vya vidole anaweza asijue hata kiwango cha sumu kilichoandikwa kwenye stakabadhi. Nyumba ambako stakabadhi inasomwa mezani wote wakisikia, mtoto aliyeacha maua yakaloweshwa na mvua anaona mwenyewe ilivyogharimu, na mama anajua ni lini aombe sare za shule. Nyumba ambako stakabadhi inakaa mfukoni mwa koti, mama huanza kuuza maua kidogo kidogo kwa walanguzi, kwa bei ya chini, ili apate hela ya chumvi isiyo na maswali.

Kupitia Kitulo

Mwenye siku moja ya ziada asirudi Iringa moja kwa moja. Kutoka Chimala kuna barabara inayopanda kwa kona nyingi hadi Matamba, na juu yake ni Hifadhi ya Taifa ya Kitulo, iliyotangazwa mwaka 2005, ambayo wenyeji huiita Bustani ya Mungu. Kuanzia Novemba hadi Aprili, mvua zikinyesha, uwanda wote hulipuka maua, zikiwemo deizi za porini ambazo ukizigusa ni kavu kama karatasi hata zikiwa hai. Hakuna aliyezisia. Zinadondosha mbegu, upepo unabeba, baridi inafanya iliyobaki.

Okidi za huko nazo zimo hatarini, kwa kuwa viazi vyake huchimbwa na kuvushwa kwenda Zambia kupikwa chikanda. Mwenye hamu ya ua la kupeleka nyumbani aliache la Kitulo mahali lilipo, ashuke, aombe mche wa pareto kwa mwenye shamba. Wengi hutoa bure, na maelekezo juu.

Mwaka wa pili

Maua yakipungua na kiangazi kikikaza, mabua makavu hukatwa karibu na ardhi. Shamba huonekana limekufa. Mvua za kwanza zikinyesha, kutoka kwenye kisiki kilekile hutoka majani mapya ya kijivu, na safari hii mashina ni mengi kuliko mwaka uliopita, kwa hiyo mwaka wa pili mara nyingi ndio wenye mavuno mazuri. Baada ya mwaka wa tatu nguvu hushuka. Hapo mkulima ana njia mbili. Anaweza kung'oa kisiki, kukigawa vipande vyenye mizizi na kuvipanda upya, ambayo ni rahisi na mmea hubaki vilevile kama mama, ila magonjwa ya mizizi na minyoo fundo ya udongoni huhama pamoja naye. Au arudi kwenye mbegu, apumzishe shamba kwa viazi au ngano, na aanze tena na kitalu.

Wengi wa kina bibi wa Umalila hufanya yote mawili. Mashina machache bora yaliyo karibu na nyumba huachwa bila kuchumwa, yamefungwa kitambaa chekundu ili wajukuu wasiyaguse. Yakishakauka, maua hupukutishwa juu ya ungo, makapi yanapeperushwa kwa pumzi ndogo, na kinachobaki chini, kijivu, kiasi cha kujaa kiganja, hufungwa pembeni mwa khanga hadi Septemba.